Le Fantôme de l'Opéra: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Anayetaka kuijua hadithi hii ya Gaston Leroux kuhusu mzuka wa jumba la opera aanze na riwaya yenyewe, iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la Le Gaulois mjini Paris kuanzia Septemba 1909 hadi Januari 1910. Asomaye Kifaransa hana shida. Atakayeisoma kwa Kiingereza awe mwangalifu, kwa sababu tafsiri ya Alexander Teixeira de Mattos ya mwaka 1911, ambayo bado inauzwa kwa bei ya chini, iliacha sehemu nyingi za maandishi ya asili. Kabla ya kulipa, tafuta jina la mfasiri katika kurasa za mwanzo: ukikuta Mireille Ribière (Penguin, 2009) au David Coward (Oxford, 2012), kinunue bila wasiwasi.

Nakiweka kitabu mbele kwa sababu Leroux alikuwa mwandishi wa habari, akaisimulia hofu kama mtu anayechunguza kesi. Chini ya Palais Garnier, jumba la opera la Paris ambamo hadithi inatokea, kweli kuna hifadhi ya maji, na mwaka 1896 uzito wa kusawazisha thurea ulianguka kweli ukaua mtu. Katika riwaya pia yumo Mwajemi, anayemfahamu Erik, yaani mzuka mwenyewe, tangu Uajemi na anayesimulia sura kadhaa kwa kinywa chake. Tamthilia ya muziki ya Andrew Lloyd Webber ilimwondoa kabisa, nami naona hasara hiyo ni kubwa.

Nafasi ya pili ni filamu isiyo na sauti ya mwaka 1925, ambamo Lon Chaney, aliyejipamba uso mwenyewe, anamwonyesha Erik mwenye sura ya fuvu kama alivyoandikwa. Nakala zake hutofautiana sana kwa usafi wa picha na kwa muziki uliowekwa, hivyo lipia ile tu iliyokarabatiwa na yenye rangi katika onyesho la dansi ya vinyago.

Kwa tamthilia ya muziki ya Lloyd Webber, nunua rekodi ya mwaka 2011 ya ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, ambayo Ramin Karimloo na Sierra Boggess wanaiimba kwa nguvu ya jukwaani; aliye nayo hahitaji filamu ya Joel Schumacher ya mwaka 2004 ya tamthilia hiyohiyo, ambayo mapambo yake ni mazuri kuliko uimbaji wake. Filamu ya mwaka 1943, yenye Claude Rains, iwe ya mwisho: uso ulioharibiwa na tindikali unamnyima Erik upweke aliozaliwa nao.