Mradi huria, faili la siri: uzoefu wangu na programu ya kubuni saketi za FPGA

Mimi si mtu wa kulalamika hadharani, na hata maoni haya nimeyakalia kwa wiki kadhaa nikitarajia kwamba hasira itapoa. Haikupoa.

Kampuni inayotengeneza chipu za FPGA, yaani zile ambazo saketi zake za ndani unazipanga mwenyewe baada ya kuzinunua, ndiyo hiyo hiyo inayotoa programu ya kuzibunia saketi, na toleo lake la bure linanitosha kabisa. Ugomvi wangu ni wa faili moja. Katika mradi wetu wa kuchakata sauti, ambao tunausambaza kwa leseni ya programu huria ya GPL toleo la 3, nilihitaji foleni ya kupitishia data kati ya sehemu mbili zinazokwenda kwa saa tofauti (mapigo ya umeme yanayoongoza hatua za saketi), yaani ile ambayo sote tunaiita FIFO. Badala ya kuiandika, nilifungua dirisha la programu, nikajaza upana na kina, nikabofya, na faili la Verilog, lugha ya kuelezea saketi, likatoka likiwa tayari. Lilifanya kazi siku ile ile. Nililiweka kwenye hifadhi ya mradi pamoja na mafaili mengine, nikalala usingizi mnono.

Aliyenigutusha ni mwenzetu mmoja wa kujitolea, mwenye tabia (njema, sasa nakiri) ya kusoma maelezo yaliyo juu ya kila faili. Mistari ya mwanzo ilitangaza kwamba yaliyomo ni siri na mali ya kampuni, na kwamba hayaruhusiwi kutumika isipokuwa kwenye chipu zake. Chini yake kiini chenyewe kilikuwa kimefumbwa, herufi na tarakimu zisizosomeka, mstari baada ya mstari. GPL inadai kwamba anayepokea kazi apewe msimbo chanzo katika umbo linalofaa kurekebishwa. Nani angerekebisha fumbo lile? Leseni moja inanilazimisha kutoa, nyingine inanikataza, na zote mbili nilizikubali kwa mkono wangu.

Niliwaandikia huduma kwa wateja kwa adabu zote, nikaeleza mgongano huo na kuuliza nifanyeje. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, nalo lote lilikuwa sentensi mbili: "Ndugu mteja, masharti ya matumizi yako wazi. Ikiwa mradi wako hauwezi kuyafuata, badilisha mradi." Kisha ombi langu likafungwa, nisiweze hata kujibu. Kukataliwa nimekuzoea. Kilichonichoma ni ule "Ndugu".

Nilikasirika zaidi nilipogundua baadaye kwamba sentensi moja tu ingenisaidia: usisambaze faili lililozalishwa, sambaza skripti fupi ya mipangilio, na kila mtumiaji alizalishe mwenyewe kwenye kompyuta yake. Hiyo ingeondoa nusu ya tatizo. Nusu ya pili, ya anayetaka kusambaza faili la mwisho la kupakia kwenye chipu, ingebaki mikononi mwa GPL. Leseni ya maunzi huria ya CERN (maabara ya fizikia ya Ulaya), toleo la 2 la mwaka 2020, ililiona jambo hili mapema, kwani hata aina yake iliyo kali zaidi inavisamehe vipengele vinavyokuja kama sehemu ya kawaida ya programu ya kubunia. Tungehamia huko, lakini ilibidi kila aliyechangia aridhie, na wawili kati yao hawajibu barua pepe tangu zamani.

Basi nikaiandika foleni mwenyewe, jioni tatu. Ugumu wake wote uko mahali pamoja: kielekezi (namba inayoonyesha uandishi au usomaji umefika wapi kwenye foleni) kinapovuka kwenda upande wa saa nyingine, biti zake kadhaa zinaweza kubadilika kwa pamoja, na upande wa pili ukasoma namba ambayo haikuwahi kuwapo. Kwa hiyo unakigeuza kwanza kuwa msimbo wa Gray, ambao hubadilisha biti moja tu kwa kila hatua, ndipo unakipitisha kwenye flipu-flopu mbili (vihifadhi vya biti moja moja) zinazofuatana. Mistari haikufika mia moja. Kwa mistari isiyofika mia moja ndipo nilipoambiwa nibadilishe mradi!

Nilikusudia kutoa nyota moja. Hata hivyo, haki yake nimpe: programu hii inapokagua kama ishara zitafika kwa wakati ndani ya chipu, haijanidanganya hata mara moja. Kwa chipu ndogo za iCE40 ninatumia programu za kubunia za Yosys na nextpnr, ambazo ni huria, na huko sihitaji kumpigia mtu magoti. Lakini chipu ya mradi huu sijaweza kuihamishia huko. Nyota tatu, basi. Hapana, nikiukumbuka ule "Ndugu", ni mbili.

Juzi nilisakinisha toleo jipya, likanitolea mkataba mrefu kuliko wa kwanza. Safari hii niliusoma hadi ukurasa wa nne, kisha nikabofya "Nakubali".