Uyoga mwavuli: shina au chapa ya spora?

Masika Mombasa huotesha uyoga wa kofia pana kwenye nyasi. Kukagua shina ni bure, tena papo hapo: shina la Macrolepiota procera, unaoliwa, lina mabaka kama ngozi ya nyoka, la Chlorophyllum molybdites, unaotapisha vibaya, ni laini, halina mabaka. Pete inayozunguka shina isikudanganye, yote miwili inayo. Mvua nayo hufifisha mabaka.

Chapa ya spora, yaani alama ya vumbi la uzazi linalodondoka chini ya kofia, huaminika zaidi, ila hula usiku mzima. Laza kofia iliyofunguka juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, funika kwa bakuli. Ikitoka kijani, tupa. Nyeupe si ruhusa: Lepiota ndogo zinazoua, uyoga wa jamii nyingine, nazo hutoa nyeupe.

Shambani, shina laini latosha kukataa. Kwa kupika, fanya yote mawili kisha mjuzi athibitishe. Humpati, nunua wa dukani.