Mitindo ya kiangazi cha Ulaya kwenye joto la Dar: uzoefu wangu na kitani, madoadoa na njano ya siagi

Desemba mpaka Machi, kaskazi inapovuma na jasho halikauki hata usiku, ndipo nguo inapopimwa hapa Dar es Salaam. Msimu uliopita niliamua kuvaa mitindo iliyotamba kwenye majira ya kuchipua na kiangazi cha Ulaya mwaka 2025: njano ya siagi, madoadoa, kitani kipana, sketi za marinda, pamba nyeupe yenye vitobo vya kudarizi. Nimevaa kazini, kwenye mwendokasi, sokoni na kwenye shughuli za ukoo. Baadhi ya nguo hizo sasa sizivui mwilini. Nyingine nimeshazigawa.

Dada unayetaka kununua, kabla hujaipenda rangi, igeuze nguo ndani nje usome kijitambaa cha ubavuni. Pale ndipo penye habari yote.

Nianze na kitani (linen), maana ndicho kilichoniteka. Nilipata gauni la mtumba kule Karume, la vifungo mbele, rangi ya mchanga, kwa shilingi 12,000. Kijitambaa kiliandikwa "100% lin", basi nikajua limeshatumikia Wafaransa kabla halijafika kwangu. Ukichambua mitumba, jifunze kuyatambua na maandishi mengine: Wajerumani huandika "Leinen", Waitaliano na Wahispania "lino". Wengi huyapita magauni haya kwa sababu yakiwa kwenye rundo yanaonekana yamechakaa, kumbe ni mikunjo tu. Kitani nakitambua kwa mkono. Kinagusa ngozi kwa ubaridi, uzi wake una vinundu vidogo visivyopangika, na ukikifinyanga kwenye ngumi kisha ukaachia, mikunjo inabaki pale pale. Kitambaa cha kuigiza hujinyoosha chenyewe.

Mwilini kina raha ambayo sikuitarajia. Kinashika jasho, kinaliachia hewani, na kwa kuwa kina ugumu kidogo hakikugandi mgongoni. Sababu yake inajulikana. Kwenye hewa ya nyuzi joto 20 yenye unyevu wa asilimia 65, ambayo ndiyo hewa wanayopimia vitambaa maabara, kitani hubeba maji ya asilimia 12 hivi ya uzito wake, pamba asilimia 8 hivi, na poliesta, ambayo ni uzi wa plastiki, asilimia 0.4 tu. Nguo isiyobeba maji inakuachia jasho lote juu ya ngozi yako, na hapa kwetu, penye hewa nzito, halina pa kwenda.

Kasoro ya kitani ni pasi. Kikikauka kabisa ni kazi kukinyoosha. Ninakianua kingali na unyevu, nakigeuza, napiga pasi ya moto mkali kwa ndani, halafu nakitundika. Na bado ikifika saa sita mchana mapajani kumejikunja. Mama mmoja tunayefanya naye kazi aliniuliza kwa huruma, "Mwanangu, leo umeme ulikatika kwenu?" Nikamwambia, "Hapana mama, kitani ndivyo kilivyo." Akaomba aguse mkono wa gauni, akaushika muda mrefu, akaniuliza bei. Kwa anayetaka nguo iliyonyooka kuanzia asubuhi hadi jioni, kitani kitamsumbua roho. Mimi nimeshaizoea ile mikunjo, naiona ni sehemu ya urembo wake.

Sasa njano ya siagi. Rangi hii ilienea sana kiangazi kile, nami niliipenda kweli, kwa hiyo nikaagiza seti ya suruali pana na blauzi kwa muuzaji wa mtandaoni. Tangazo lilisema kitani asilia. Nilimuuliza kabla ya kulipa, "Kaka, ni kitani kweli?" Akajibu, "Asilimia mia dada yangu, mzigo umeingia jana." Ilipofika, kijitambaa cha ubavuni kilikuwa kimekatwa na mkasi, kimebaki kipande cha mshono tu. Nikavuta nyuzi mbili kwenye pindo la ndani, nikazishika kwa kibanio juu ya sahani, nikawasha kiberiti. Uzi wa pamba au kitani huungua kwa utulivu, unatoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu linalopeperuka. Ule uzi ulikimbia moto, ukajikunja, ukayeyuka na kuacha kitone cheusi kigumu ambacho ukucha haukuweza kukivunja. Poliesta tupu. Nikamtumia picha, akasema mzigo ukishatoka haurudi.

Niliivaa hata hivyo, kwa sababu rangi ilikuwa nzuri. Kutoka Kimara mpaka Posta, nimesimama kwenye mwendokasi, mgongo ulilowa wote, na suruali ikanishika nyuma ya magoti. Ikikauka inabaki na harufu ya kwapa ambayo sabuni ya kawaida haiitoi. Hiyo seti nimempa mdogo wangu aliyepo Njombe, na kule kwenye baridi anaisifu.

Sitaki kuionea poliesta. Sketi ya marinda haina kitambaa kizuri kuizidi, kwa sababu marinda yake hukazwa kwa moto na hubaki hata ukifua. Mjapani Issey Miyake alitoa nguo za namna hiyo chini ya jina Pleats Please mwaka 1993, na mpaka leo sketi nyingi za marinda hukazwa kwa moto. Ninayo moja, rangi ya kijani kibichi, naivaa na blauzi ya pamba. Upepo unapita katikati ya marinda, na kwa kuwa sketi haibani, joto linavumilika. Ninachokataa ni poliesta ya kubana, poliesta ya kung'aa, na hasa poliesta iliyofichwa kwenye bitana. Hili la bitana lichungulie vizuri. Gauni jeupe la pamba ya vitobo linaweza kuandikwa pamba, na ni kweli kwa nje, ila ndani limeshonewa bitana ya poliesta kuanzia kifuani hadi magotini. Unavaa pamba kwa macho ya watu na poliesta kwa ngozi yako. Langu nilimpelekea fundi akaitoa bitana yote, nami nalivaa na gagulo la pamba. Limekuwa nguo nyingine kabisa.

Madoadoa ndiyo mtindo niliotaka ushonwe hapa hapa. Nilinunua kitambaa cha viskosi Kariakoo, rangi ya ugoro yenye madoa meupe ya karibu sentimita moja, nikampelekea fundi wa mtaani kwetu anishonee gauni la sketi ya duara. Hakukishika mkasi siku ile. "Nenda kakifue kwanza dada, hiki kitambaa kinarudi." Nikakifua, na kweli kilipungua. Alipomaliza kushona kiuno akalitundika gauni usiku kucha kabla ya kukunja pindo, kwa sababu sketi ya duara hushuka upande mmoja kwa uzito wake, na pindo likikatwa mapema litakuwa na mawimbi. Nilimlipa shilingi 30,000 kwa moyo mweupe.

Viskosi hutokana na miti, ila hupitia kemikali mpaka iwe uzi. Njia hiyo iligunduliwa Uingereza mwaka 1892. Kwa joto ni kitambaa kizuri sana, kinaanguka vizuri mwilini, na kinabeba maji kama kitani. Udhaifu wake ni kwenye beseni. Ikilowa inapoteza karibu nusu ya nguvu yake, kwa hiyo usiikamue kwa kuisokota. Ikandamize kwenye taulo, itundike kivulini. Na kile kipimo cha kiberiti hakitakusaidia kuitofautisha na pamba, maana zote zinaungua sawa. Lowesha uzi kwa mate kisha uvute: wa viskosi unakatika upesi.

Kuhusu ukubwa wa madoa, madogo yanatulia na yanafaa ofisini, makubwa yanapendeza kwenye gauni pana lisilo na mishono mingi, kwa sababu kila mshono unalikata doa na jicho linaliona. Mistari ndiyo migumu zaidi. Kabla hujalipia gauni la mistari tazama ubavuni kama mistari inakutana. Isipokutana, nguo imeshonwa kwa haraka, na mara nyingi hata zipu haitadumu. Ukishonesha mwenyewe ongeza kitambaa, fundi atahitaji cha kulinganishia.

Kitu ambacho majarida ya mitindo hayakisemi ni jasho. Rangi zinazolisaliti kuliko zote ni kijivu na bluu mpauko. Doa la kwapani linaonekana toka ng'ambo ya barabara. Nyeupe, bluu nyeusi, damu ya mzee na kila kitambaa chenye maua au madoadoa huficha. Njano ya siagi iko katikati: kitani cha rangi hiyo hakioneshi sana, poliesta inaonesha kila kitu.

Kwa ngozi nyeusi kama yangu njano hii inawaka vizuri mno, hata bila vito. Dada yangu ambaye ni maji ya kunde ilimfifisha mpaka alipojifunga mtandio wa damu ya mzee shingoni, hapo ikakubali. Ile kahawia ya kahawa na maziwa ambayo Pantone, kampuni ya Marekani ya viwango vya rangi, waliitangaza kuwa rangi ya mwaka 2025 mimi haikunikaa. Ilikaribiana mno na ngozi yangu, nikaonekana nimevaa kitu kimoja kuanzia shingo hadi miguu. Mwaka 2026 wametangaza nyeupe, na nyeupe ninaingojea kwa hamu, ingawa vumbi la daladala litanipa kazi.

Na hapa lazima niseme habari ya kanga. Doti moja ya pamba, ukiifua itoke ule wanga wa dukani, inapumua kuliko nusu ya nguo zinazoitwa za kiangazi. Pale Mtaa wa Uhuru nilichagua yenye njano ndani ya mji na pindo jeusi, fundi akapanga pindo lije chini ya gauni na mikononi, na jina likae nyuma. Niliivaa kwenye hitima na baadaye nikaivaa kazini na koti jepesi. Imeulizwa na watu wengi kuliko nguo yoyote ya kuagiza.

Wakati wa kununua nao una maana. Wabunifu wa New York, London, Milan na Paris huonesha nguo za kiangazi Septemba na Oktoba, na maduka ya kule hujaa kuanzia Februari na Machi. Ukisubiri zifike kwetu, masika yameshaanza na suruali nyeupe ya kitani inakutana na matope. Mimi nazitafuta nguo nyepesi wakati wa kipupwe, Juni na Julai, watu wanapogombania masweta na wauzaji wa mitumba wanataka tu kumaliza rundo. Gauni la kitani ambalo Januari lingesimama 20,000, hapo nalitoa kwa 8,000.

Msimu ujao ninashonesha gauni la kitani cheupe. Kitambaa nimeshakifua na kukipiga pasi, kiko kwa fundi, na nimemwachia maagizo: mifuko miwili mirefu, mikono ya kupita kiwiko, bitana asiweke.