Baiskeli ya "kike" ya inchi 16: miezi mitano kwenye mteremko wa Mbeya

Nianze na michongoma ya jirani, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Sisi tunakaa chini ya mlima Loleza, mahali ambapo ukitoka getini una njia mbili tu: kupanda au kushuka. Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mvua ndiyo kwanza imekatika, binti yangu wa miaka sita akatoka na baiskeli yake mpya. Nikasikia kengele. Nikaisikia tena. Ikawa haikomi, nikatoka jikoni na mwiko mkononi, nikamwona anapita mbele ya geti mbio kama bajaji iliyokosa abiria, miguu kainyanyua juu, anakamua breki kwa vidole vyote na baiskeli haina habari naye. Michongoma ndiyo iliyomdaka. Alitoka mle na mikwaruzo usoni na mikononi. Jino la utoto lililokuwa linacheza tangu Krismasi lilibaki humo humo. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mama, kengele inafanya kazi."

Kengele ilikuwa inafanya kazi kweli. Hilo nalikiri mapema kabla sijaanza kulalamika.

Niliinunua Desemba, shule zimefungwa, kwenye duka moja la vitu vya watoto pale Mwanjelwa. Jina silitaji. Kijana aliyeniuzia alikuwa na adabu, na maduka mengine matatu niliyopita siku ile yalikuwa yamepanga bidhaa vilevile: upande mmoja nyekundu, bluu na nyeusi, upande wa pili pinki na zambarau. Binti yangu aliingia akaenda moja kwa moja kwenye nyekundu, akashika usukani.

"Hapana mrembo, za kwako zile kule," kijana akamwambia. Kisha akanigeukia mimi: "Hiyo ya kiume, mama."

Mtoto akaizunguka ile baiskeli, akainama akatazama hadi chini ya siti. "Imeandikwa wapi?"

Kijana akacheka. Nami nikacheka, na hapo ndipo nilipouziwa. Ningekaa kimya nikaipima nyekundu kama mtu mwenye akili zake, leo nisingekuwa na cha kuandika. Badala yake nikaona aibu ya kijinga, ile ya kuonekana mama asiyejua cha kumnunulia mtoto wa kike, nikamvuta binti upande wa pinki. Nyekundu ilikuwa shilingi 150,000. Pinki, inchi zilezile 16, ilikuwa 165,000. Nikauliza nyongeza ya nini. Akanihesabia: kapu la mbele, maua kwenye kapu, nyuzi za kung'aa zinazoning'inia kwenye mishikio, na kiti cha mdoli nyuma. Tukavutana hadi 155,000. Nilitoa wekundu wa Msimbazi kumi na tano na noti ya elfu tano juu. Wekundu wote ule ulipokelewa, na hakuna aliyeuliza kama ni hela ya kiume.

Wiki za kwanza hatukugundua kitu, kwa sababu mtoto alikuwa anajifunzia uwanja wa shule, tambarare, na yale matairi ya pembeni yakimshikilia. Tairi la pembeni moja lilipinda kabla ya mwaka mpya. Nikasema ya watoto ndivyo yalivyo.

Baada ya michongoma nikaipeleka kwa fundi. Ni mzee wa makamo, yuko chini ya mti karibu na kituo cha daladala, ana kiti kimoja, pampu moja na debe la spana. Aliiinua baiskeli kwa mkono mmoja, akazungusha gurudumu la mbele, akabana breki. Gurudumu likaendelea kuzunguka taratibu hadi likachoka lenyewe.

"Mwanangu, hili ni pambo," akasema. "Wamelitia magurudumu ili lisogee."

Akanionyesha kimoja kimoja, nami nawaeleza nilivyoelewa. Breki ilikuwa moja tu, ya mbele. Mpira wake ulikuwa mgumu kama kisigino cha kiatu cha zamani, na ulikuwa unagusa rimu ya chuma iliyong'arishwa, ambayo ikilowa maji mpira unateleza juu yake tu. Kwa Mbeya, ambako mvua inaanza mwishoni mwa mwaka na kutuaga mwezi wa nne au wa tano, hiyo ni breki ya kiangazi. Kishikio chake kilikuwa mbali na mshikio kiasi kwamba vidole vya mtoto wa miaka sita vinakifikia kwa ncha tu. Na zile nyuzi za kung'aa, jamani, zilikuwa zimejiviringisha kwenye waya wa breki, zinauzuia usivutike hadi mwisho. Pambo ndilo lililokuwa limeishika breki, na breki haikushika chochote.

Nilirudi dukani siku ya pili, nikaenda upande wa nyekundu nikakagua kama askari wa usalama barabarani. Fremu ni ileile, ukiacha bomba la juu. Siti ileile, cheni ileile. Ila nyekundu ilikuwa na breki mbele, halafu ukirudisha pedeli nyuma gurudumu la nyuma linakaba palepale, bila kuhitaji nguvu ya vidole. Matairi yake yalikuwa ya kujaza upepo, yenye meno. Ya kwetu yalikuwa ya povu gumu, laini kama chupa, meupe siku ya kwanza na rangi ya udongo wa Mbeya siku zote zilizofuata.

Kwa hiyo nililipa elfu tano zaidi ya bei ya nyekundu ili nipate breki moja pungufu. Mtu aliyeiunda baiskeli hii alikaa akafikiria mtoto wa kike, na katika kufikiria kwake akamwona amekaa, anaendesha polepole, kampakia mdoli, anapiga kengele watu wamtazame. Hakumwona anashuka mlima. Mvulana alimwona anashuka, ndiyo maana akampa cha kusimamia. Sisi wa huku breki tunazijua. Malori ya Tunduma yanapita katikati ya mji wetu mchana na usiku, kila familia ina simulizi ya mteremko wa Mbalizi, na ukienda Dar unateremka Kitonga huku abiria wamenyamaza ghafla bila kuambiwa. Kumuuzia mtoto wa Mbeya baiskeli isiyosimama ni dharau, sijali ina maua mangapi.

Kurudisha nilishindwa. Kijana alinionyesha maandishi ya chini ya risiti, kwamba kikiuzwa hakirudishwi. Nikamwambia ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa. Akanijibu kwa upole kabisa, "Lakini mama, ulichagua mwenyewe." Ilinichoma kwa sababu ilikuwa nusu ya kweli.

Nilikwenda nyumbani nikaanza kusoma, maana nikikasirika huwa nasoma. Nikakuta kwamba mwaka 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto huko Marekani liliwashauri wenye maduka kuwa pinki ni ya wavulana, kwa sababu ni rangi yenye nguvu, na bluu, kwa upole wake, ni ya wasichana. Yaani sheria hii tunayotishana nayo Mwanjelwa iliwahi kuwa kinyume chake, na dunia haikuisha. Nilipomsimulia mume wangu akanikumbusha kwamba hata padri wetu huvaa rangi ya waridi mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima, na hajawahi kuambiwa na mtu yeyote pale kanisani kwamba hiyo ni ya dada zake.

Na bei nayo sikuionea. Mwaka 2015 idara ya kuwatetea walaji ya jiji la New York ililinganisha bidhaa za kike na za kiume zinazofanana, ikakuta vitu vya kuchezea vya wasichana ni ghali zaidi kwa wastani wa asilimia 7. Mfano uliojulikana sana ni wa skuta moja: nyekundu dola 24.99, pinki dola 49.99, duka lilelile. California wao wametunga sheria, tangu mwaka 2024 maduka makubwa yenye wafanyakazi 500 na zaidi yanatakiwa kuwa na sehemu ya vitu vya kuchezea isiyobagua mvulana na msichana. Mimi sijafika huko. Mimi ningeridhika na breki.

Lakini kilichonikalia kooni zaidi ni kitu kingine. Ninaye pia mvulana wa miaka minne. Nyumba zetu za huku zimelelewa kwa kurithishana. Sweta niliyovaa mimi Juni na Julai, wakati baridi ya Mbeya inakufanya uoge kwa kuombewa, ilivaliwa na kaka zangu wawili kabla yangu, na baada yangu ikaenda kwa binamu Tukuyu. Hakuna aliyeiuliza sweta jinsia. Viatu vya mvua hivyohivyo, begi la shule hivyohivyo. Sasa wenye viwanda wamepata dawa yetu: paka kitu rangi moja, bandika ua, na mama mwenyewe ataona haya kumrithisha mwanawe wa kiume. Nyumba iliyokuwa inunue baiskeli moja inanunua mbili. Nikilitazama hivi, naona lile ua kwenye kapu ndilo lililogharimu kuliko kifaa kingine chochote pale.

Mama mkwe wangu aliposikia nataka kumpa mvulana pinki ikifika zamu yake alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama baiskeli haziwezi kupakwa rangi. Kuhusu binti kupanda yenye bomba la juu ana maoni marefu zaidi, ambayo wanawake wengi mnaosoma hapa mmeshayasikia kwa bibi zenu, na sitayaandika.

Hapo kwenye bomba niseme haki. Fremu iliyoshuka katikati, tunayoiita ya kike, ilitengenezwa enzi wanawake wa Ulaya na Marekani walipokuwa wanaendesha wakiwa na magauni yanayofika chini. Si mbaya hata kidogo. Fundi wangu anasema wateja wake wazee wanaipenda kuliko vijana, na mtu aliyefunga madumu ya maziwa kwenye keria atarushaje mguu kwa nyuma? Anapitisha katikati tu. Hata mtoto anayejifunza anaweza kushuka kwenye siti haraka zaidi. Bomba la juu linaongeza uimara wa fremu, basi. Kwa hiyo kama duka lingeniambia "hii ni ya kupandia kirahisi, hii ni ngumu zaidi" ningeelewa nachagua nini.

Fundi aliitengeneza kwa shilingi 38,000 pamoja na ufundi. Alifungua gurudumu zima la nyuma kutoka kwenye baiskeli ya mtumba iliyokufa fremu, lenye breki ya pedeli ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, akalipachika. Mbele akaweka mipira laini na waya mpya, akasogeza kishikio karibu hadi mtoto akakikamata kwa viungo viwili vya vidole. Tairi za upepo mbele na nyuma. Nyuzi za kung'aa alizikata kwa wembe mbele ya mwenye mali, baada ya kumwomba ruhusa. Nilipompa hela akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, akamwambia binti aende ashuke pale penye mteremko mdogo, yeye akamsubiri chini mikono kaitanua. Alisimama hatua tatu kabla ya kumfikia.

Jumla nimetumia 193,000 kwa baiskeli ambayo sasa naweza kuisifu. Kama ilivyotoka dukani naipa nyota moja kati ya tano, na hiyo ni ya kengele. Ukinunua ya kwako, mkalishe mtoto juu, mwambie abane breki kwa nguvu zake, kisha wewe jaribu kuisukuma. Ikisogea, iache, iwe ya rangi ya malaika. Ukiwa na subira zungukia za mtumba kwanza. Za kutoka Japani nyingi zina breki mbele na nyuma, na aliyezileta hajazipanga kwa jinsia, zimerundikwa tu.

Binti hajaacha kupenda pinki, msije mkadhani. Alikataa ipakwe nyekundu. Mdogo wake hajasubiri zamu: kila jioni anapanda nyuma ya dada yake kwa miguu, anasukuma, na kwenye kiti cha mdoli amefunga lori lake la mbao kwa kamba ya katani. Juzi walikuwa wanagombania nani apige kengele.