Waliacha maji yetu Wilson: uzoefu wangu na ndege ya kukodi kwenda kaskazini

Nina hasira bado, na ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika. Hii kampuni ya ndege za kukodi pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, jina naliacha, ilishusha mitungi yetu mitatu ya maji, lita 60, bila kutuambia neno. Tuligundua tukiwa tumeshatua kwenye kiwanja kilichoachwa zamani mashariki mwa Ziwa Turkana, jua la utosi, na Baba wa miaka sabini na kitu amejikunyata chini ya bawa akitafuta kivuli.

Baba ni miongoni mwa Wakamba waliokwenda huko ujanani kutafuta mifupa ya kale. Richard Leakey aliiona ile miamba akiwa angani mwaka 1967, mwaka uliofuata akarudi na kikosi. Baba alifika miaka kadhaa baadaye, na kazi aliyopewa kwanza haikuwa ya mifupa. Alikuwa anaokota mawe ili ndege ndogo zipate pa kutua. Miaka yote hii amekuwa akituambia anataka akione kile kiwanja tena kabla hajafumba macho. Kwa gari kutoka Marsabit mgongo wake usingehimili, kwa hiyo mimi na kaka yangu tukachanga, tukakodi Cessna ya injini moja.

Kuhusu uzito sina ugomvi nao. Wilson iko juu, karibu mita 1,700, hewa yake nyepesi, na kiwanja kifupi cha changarawe hakimsamehi rubani aliyebeba kupita kiasi. Tulipimwa sote, hata Baba na bakora yake. Dada wa kaunta akajumlisha kila kitu, maji yakiwemo, akasema tuko sawa. Nilimsikia kwa masikio yangu!

Safari yenyewe sina la kulalamikia. Rubani, kijana mtaratibu, alimwita Baba "Mzee wangu" tangu alipomfunga mkanda. Alituonyesha mitambo 365 ya umeme wa upepo imesimama jangwani kabla ya Loiyangalani, mji mdogo wa kando ya ziwa, kisha ziwa likafunguka mbele yetu, rangi yake ya kijani kama jedi.

Kiwanja hakikuwa na mfuko wa upepo, ulishaoza, mlingoti tu ndio uliobaki. Akasoma upepo kwenye mawimbi ya ziwa. Mara ya kwanza alipita chini kufukuza mbuzi. Mara ya pili akagusisha magurudumu kidogo tu, akanyanyuka tena. Alikuwa anasikiliza ardhi, kama ni ngumu au ni mchanga uliolegea. Akazunguka juu kukagua alama aliyoacha, ndipo mara ya tatu akatua. Baba alikuwa anatetemeka, si kwa woga. Alipotelemka alikwenda moja kwa moja pembezoni, akapindua jiwe kwa bakora. Upande uliokuwa umefukiwa mchangani ulikuwa bado na chokaa nyeupe. "Hili nimelipanga mimi," akasema.

Ndipo kaka akafungua mlango wa mizigo. Badala ya mitungi yetu kulikuwa na katoni nne za mteja mwingine, za kushushwa Loiyangalani ndege ikirudi.

Rubani hakujua. Alipiga ofisini kwa simu ya setilaiti, nikamwomba niongee mwenyewe. Yule yule dada akaniambia: "Si mko ziwani? Maji si yako hapo?"

Lile ziwa ni la magadi. Wenyeji huyanywa kwa kukosa mengine, na meno ya watoto wao yanageuka kahawia kwa ajili hiyo. Nilimwambia niko na mzee, na tunalala siku mbili. Akasema ana wateja kaunta, akakata.

Nilishaamua hapo hapo: nyota moja, na wakili juu yake. Lakini yule kijana alitoa mtungi wake wa dharura, akaukabidhi kwa Baba kwa mikono miwili, akasema, "Mzee wangu, nipe muda kidogo." Akapaa. Alishusha zile katoni Loiyangalani, akajaza mitungi minne kwenye chemchemi ya pale, akarudi akatua tena kwa ajili yetu, na upepo ulikuwa umeshaanza kumsukuma ubavuni. Nilimwona akihangaika na ile ndege mpaka ikatulia. Baba alimbariki kwa Kikamba. Kwa hilo ningewapa nyota tano, na siku zote mbili pale niliwasamehe.

Tuliporudi Nairobi nikatumiwa bili ya "kutua mara ya pili". Nilikwenda mwenyewe kaunta. Dada hata hakuinua macho kwenye kompyuta. Akasema rubani alijiamulia bila ruhusa ya ofisi, kwa hiyo tulipe sisi au akatwe yeye kwenye mshahara.

Basi narudisha ile nyota moja. Ukiwakodi, simama kwenye mlango wa mizigo mpaka ufungwe, uhesabu mitungi yako kwa macho yako, na uulize jina la rubani kabla hujatoa hata shilingi.

Ile bili tuliilipa siku hiyo hiyo, asije akakatwa.