Viatu vya kukimbilia matopeni: tazama kwanza maji yatatokea wapi

Mvua zinakaribia na malalamiko yameanza. Msomaji wa Lindi kanunua kiatu cha bei mbaya, kimeandikwa GTX ubavuni, muuzaji akamwapia kuwa hakiingizi maji. Mvua ya kwanza tu akarudi nyumbani kama aliyevaa ndoo mbili. Wa Newala naye yamemkuta hayo hayo.

Muuzaji hakusema uongo. GTX ni Gore-Tex, na utando wake kweli unazuia maji kupita kwenye kitambaa. Lakini ukikanyaga dimbwi, maji yanaingia kwa juu, kwenye kifundo, na yakishaingia utando ule ule unayafungia ndani. Unaendelea kukimbia mguu ukipiga chubwi, ngozi inalainika, na malengelenge yanafuata. Viatu hivi vina maana yake kwenye baridi ya Ulaya, ambako theluji inabaki nje na mguu unataka joto. Mvua yetu ya Desemba mpaka Aprili ni ya joto, na kulowa utalowa tu. Swali ni kiatu kitakauka lini.

Kwa hiyo rangi na ukubwa chagueni wenyewe, mimi nina kipimo kimoja. Ingiza mkono ndani ya kiatu, weka mdomo juu ya kitambaa cha vidole, upulize kwa nguvu. Pumzi ikifika mkononi, maji nayo yatapata njia ya kutoka. Isipofika, kirudishe kwenye rundo. Ndiyo, ni mtumba, futa kwanza. Wauzaji watakucheka, waache wacheke.

Namba moja kwangu ni Salomon Speedcross, ile isiyo na GTX, na sioni haya kusema naipendelea. Meno ya soli yake ni marefu, kama milimita 5, na yameachana, hivyo tope halikai katikati. Kushuka mteremko wa Shimo la Mungu kule Newala baada ya mvua ndipo utajua kazi ya meno hayo. Kitambaa chake kimesukwa kwa kubana, mchanga wetu wa pwani hauingii ovyo. Ubaya wake ni kwamba soli ni laini, lami inailamba upesi; usiivae kwenye jogging ya Jumamosi ya barabarani. Ile kamba yake nyembamba ya kuvuta ikikatika, mpe fundi atie kamba ya kawaida.

Ya pili ni Saucony Peregrine. Inapitisha hewa vizuri na haimchoshi mtu anayechanganya lami na vumbi, tuseme kutoka Mtwara mjini kwenda Mikindani. Ukiikosa Salomon, chukua hii bila kinyongo.

Ya tatu ni inov-8, ya Waingereza, waliozoea kukimbia milima yenye matope. Mshiko wake sina la kusema, ila nyingi ni nyembamba, na miguu yetu iliyokulia kwenye ndala imetanuka.

GTX ya kampuni yoyote iko chini ya hizo zote. Kama umeshainunua, fundi anaweza kuitoboa matundu machache kwa msumari wa moto, ubavuni, juu kidogo ya soli. Roho itauma, lakini maji yatatoka.

Raba za bei rahisi za soli bapa zinakauka haraka na zinateleza haraka vilevile. Yeboyebo ni za bafuni.

Sasa bei. Speedcross 6 mpya Marekani ilitoka kwa dola 140, sawa, hiyo hatuigusi. Lakini mtumba uliokwisha meno kisigino mtu anautajia laki, kisa ameona herufi tatu! Wanatoza zaidi kwa kile kile kinachokuharibia mguu, halafu ukiomba kupunguziwa unaambiwa nauli ya mzigo kutoka Dar. Nunueni Agosti au Septemba, kabla minada ya korosho haijaanza, maana fedha ikishaingia mikononi mwa watu hakuna bei inayobaki ilipokuwa. Kiatu nilichokiacha kwa elfu arobaini nilikikuta Novemba kimefika sabini, pale pale, na vumbi lake. Nikauliza kulikoni.

"Dada, watu wameuza korosho."

Mimi sina hata mkorosho mmoja.