Kutembeza watoto London, Paris, Roma na kwingine Ulaya: tiketi zipi zina maana na zipi ni kupigwa tu

Wazazi wenzangu, ukishalipia ndege na viza, hela inayobaki inaanza kuliwa na vitu vidogo vidogo na kikubwa kati ya hivyo ni tiketi za kutembea mji. Ukiandika tu mtandaoni jina la mji na neno watoto unamwagiwa mapasi, mabasi ya wazi juu, maboti, sijui ziara za kuongozwa, kila mmoja anasema yake ndo ya familia na anakuwekea picha ya mtoto anacheka. Sasa kabla hujatoa hata senti chukua karatasi uandike umri wa kila mtoto, nasema umri maana Ulaya ndo unaoamua mtoto analipa nini, na sehemu nyingi sana mtoto wako ameshapewa bure tayari kwa sheria ya mji au ya makumbusho, halafu mtu anakuja kukuuzia ile ile bure ndani ya kifurushi. Nimepanga kuanzia kinachostahili hela yako mpaka kile ambacho ukimuona muuzaji uvuke barabara.

Namba 1: nauli ya kawaida ya mji

Najua inaonekana kituko, mtu kasafiri masaa kumi halafu unamwambia apande basi la watu wanaoenda kazini. Ila kwa watoto hakuna kinachoishinda hii, na tuanze na London ndo utaelewa. Mtoto chini ya miaka 11 anapanda mabasi ya London bure, na treni za chini ya ardhi pia ni bure mkiwa na mtu mzima anayelipa, mtu mzima mmoja anaruhusiwa kuwa na watoto mpaka wanne. Wewe mkubwa mwaka 2025 ulikuwa unalipa £1.75 kwa basi, na ndani ya saa moja tangu uguse kadi mara ya kwanza ukishuka ukapanda basi lingine, na lingine, hulipi tena. Pesa taslimu hawapokei tangu 2014, unagusa kadi ya benki au simu, na kila mtu mzima awe na kadi yake, msishee. Wenye miaka 11 mpaka 15 hao ndo wanaosahaulika, nenda na mtoto kwa mhudumu kituo cha treni mwambie unataka punguzo la mgeni kijana kwenye kadi ya Oyster, ile kadi ya nauli ya London, analipa nusu bei kwa muda usiozidi siku 14.

Halafu mabasi yenyewe ni ya ghorofa, madogo wakishakaa siti za mbele juu wewe umemaliza kazi. Panda 15 pale karibu na Tower of London uelekee Trafalgar Square, unapita St Paul's njiani. Au 9, inatoka upande wa Kensington, inapita Hyde Park Corner na Piccadilly. Hao wa mabasi mekundu ya watalii wanapita barabara hizo hizo, wanakaa foleni ile ile. Kuna na DLR, treni nyepesi ya mjini, haina chumba cha dereva mbele, mtoto akiwahi siti ya mbele kabisa anajiona yeye ndo anaiendesha mpaka Greenwich. Watoto wadogo niliokaa nao kwenye siti hizo hawataki kushuka, na hiyo ni burudani ya bei ya nauli.

Mkishuka, British Museum bure, Science Museum bure, Natural History Museum bure kwa wote, wakubwa na wadogo, mifupa ya nyangumi inaning'inia ukumbini pale tangu 2017. Jipatieni mtandaoni tiketi yenye saa ya kuingia, ni ya bure pia ila inapunguza foleni. Kwahiyo siku nzima ya familia ya watu wanne inaweza kuisha kwa nauli za wakubwa wawili na msosi.

Berlin ni hivyo hivyo. Basi namba 100 linatoka Zoo mpaka Alexanderplatz, linapita mnara wa ushindi, jengo la bunge la Reichstag, maeneo ya Lango la Brandenburg, kwa tiketi ya kawaida, na chini ya miaka 6 hawalipi. Mkiwa kundi kuna tiketi ya siku ya watu mpaka 5, piga hesabu hiyo kabla ya kununua moja moja. Na mkiwa Berlin jamani msiondoke bila kwenda Museum für Naturkunde, makumbusho yao ya viumbe na mambo ya asili. Kiingilio kipo na nasema lipeni. Lile dinosaria kubwa katikati ya ukumbi, mita 13.27 kwenda juu, mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 wakati wa Wajerumani, wachimbaji na wapagazi wetu ndo waliifukua na kuibeba mpaka bandari ya Lindi. Mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa Hamburg akisimama chini ya kile kichwa akaambiwa huyu katoka kwa akina bibi kusini, hapo maswali yanaanza, likiwemo la kwa nini bado yuko huku, jiandae na jibu.

Paris usafiri ni mzuri ila una masharti. Chini ya miaka 4 bure, 4 mpaka 9 nusu bei, na kadi ya Navigo Easy lazima kila mtu awe na yake, msipite wawili kwa kadi moja, wakaguzi hawana utani. Shida ya Paris ni ngazi. Metro nyingi ni za zamani hazina lifti, mwenye kigari cha mtoto atajuta, basi la kawaida ni bora zaidi na unaona mji. Kama mtoto ameshaanza kutembea vizuri panda metro laini ya 6, kati ya Passy na Bir-Hakeim inatoka juu inavuka mto na mnara wa Eiffel unauona dirishani. Roma chini ya miaka 10 wanapanda bure na mkubwa. Vienna chini ya 6 bure, na mpaka miaka 14 wanapanda bure Jumapili, sikukuu na likizo za shule za huko.

Namba 2: boti

Mtoto akichoka kutembea boti inawaokoa wote, amekaa, kuna upepo, kuna madaraja ya kuhesabu, na mara nyingi haizidi saa moja kabla hajaanza kudai choo. Paris kwenye Seine kampuni ni nyingi na njia ni karibu ile ile, zunguko la kama saa moja, kwahiyo nunua ya bei nafuu iliyo karibu na ulipo, usihangaike kulinganisha. Ya chakula cha usiku achana nayo, hiyo ni ya wapenzi.

London usinunue boti ya utalii, panda ile ya usafiri ya Thames Clippers, unagusa kadi kama basi, chini ya miaka 5 bure na 5 mpaka 15 nusu bei. Westminster mpaka Greenwich unapita chini ya Tower Bridge.

Amsterdam ukitoka nyuma ya stesheni kuu ya Centraal kuna feri za kwenda upande wa Noord, ni za bure kabisa, watu wanaingia na baiskeli zao, mnaenda mnarudi mara mbili na mtoto anajua mmepanda meli. Na wale mnaopita Istanbul, najua wafanyabiashara wa Kariakoo wengi mnapita pale, feri ya Eminönü kwenda Kadıköy au Üsküdar unavuka kutoka Ulaya kwenda Asia kwa nauli ya mjini, kuna chai na ndege wa baharini wanafuata nyuma. Kwa bei ile sijaona boti ya kuishinda.

Namba 3: tiketi moja moja, kwenye tovuti rasmi

Hii ni ya vile vitu ambavyo mtoto ameviona kwenye katuni na hatakuelewa mkivikosa. Chagua kimoja kwa siku, viwili mwisho. Nunua kwenye tovuti ya mahali penyewe, sio kwa madalali wanaotokea juu ukisachi, wanaweka bei mara mbili na wanaita "kuruka foleni" wakati foleni ya ulinzi kila mtu anapanga.

Eiffel, tiketi za lifti zinafunguliwa siku 60 kabla na za kileleni zinaisha haraka, chini ya miaka 4 bure tu. Ngazi mpaka ghorofa ya pili ni 674, mtoto wa miaka tisa mwenye nguvu ataweza, wewe ndo sijui. Colosseum ya Roma, chini ya miaka 18 bure, ila sikiliza vizuri, bure haimaanishi asiwe na tiketi, lazima umkatie ile ya sifuri kwenye mfumo pamoja na yako, na tiketi zina majina siku hizi kwahiyo vitambulisho mkononi. Makumbusho ya Paris, Louvre chini ya 18 bure, Jumanne wamefunga, na Orsay wanafunga Jumatatu. Makumbusho ya Vatican yanafungwa Jumapili isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi ambayo ni bure, na kwa sababu ni bure foleni yake na mtoto mdogo kwenye jua siwezi kumshauri mtu. Amsterdam makumbusho ya Rijksmuseum na Van Gogh bure kwa watoto, Van Gogh lazima ukate muda mtandaoni, na nyumba ya Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi aliyejificha humo wakati wa Wanazi akiandika shajara, tiketi zinatoka kila Jumanne kwa ziara za wiki sita mbele, hapo vigari vya watoto haviingii, kwahiyo peleka mtoto mkubwa anayeelewa hadithi.

Vienna makumbusho ya taifa ni bure kwa wote chini ya miaka 19. Hiyo ni zawadi, itumieni.

Namba 4: basi la watalii la wazi juu

Silichukii. Ila London kwa mtu mzima mmoja unaongelea pauni 30 na kitu kwenda juu, na wazo lenyewe la kushuka na kupanda na watoto watatu, kigari na begi la nepi ni la mtu asiye na watoto. Ukishuka mara moja unaweza kusubiri kituoni muda mrefu, na likija limejaa juu, chini huoni kitu.

Linafaa lini? Mkiwa na bibi yao aliyekuja kutembea na magoti yanamsumbua, hapo lipa bila kulalamika, akae juu na shali yake aone mji. Au mna nusu siku tu kabla ya ndege. Au Roma mwezi wa saba, jua kali na zile barabara za mawe zinazovunja matairi ya kigari, ingawa sehemu nzuri za katikati basi haliingii. Kata siku moja, ile ya siku mbili wanayokuuzia kwa nyongeza kidogo hutaitumia siku ya pili.

Namba 5: pasi ya jiji

Nimeiweka chini makusudi na najua kuna watakaonibishia. Pasi, yaani tiketi moja ya kuingia vivutio vingi, inalipa kama unaingia sehemu tatu nne kwa siku, sasa niambie mtoto wa miaka mitano anaingia sehemu nne kwa siku wapi. Paris Museum Pass ni nzuri kwa mkubwa anayekimbizana na makumbusho ila mtoto chini ya 18 anaingia bure Louvre, Orsay, Sainte-Chapelle na Arc de Triomphe bila pasi yoyote, na Eiffel haimo. Na hata ukiwa nayo Louvre unatakiwa ukate muda. Za London nazo zinakujazia idadi kubwa ya vivutio wakati makumbusho makubwa ambayo watoto wanayapenda hayana kiingilio.

Ninazozikubali ni chache. Copenhagen kadi yao mkubwa mmoja anaingia na watoto wawili wa chini ya miaka 12, usafiri umo mpaka uwanja wa ndege, na Tivoli imo, ile bustani ya michezo ya tangu 1843, ingawa mashine za kupanda mle ndani unalipia pembeni. Na kama watoto wako ni wakubwa, miaka 14, 15, wana miguu na wana hamu, piga hesabu, inaweza kutoka.

Nisisahau, kuna watu wananunua kifurushi cha Paris na London pamoja wakiwa na viza moja. Viza ya Schengen haikuingizi Uingereza, ni viza nyingine kabisa, na kampuni nyingi hazirudishi hela kwa sababu hiyo.

Za kuacha kabisa

Baiskeli za matairi matatu zenye taa na muziki pale katikati ya London, kama mtoto kang'ang'ania uliza bei ya safari nzima, ya kila mtu, kabla hamjakaa. Wale wa kuvaa kama askari wa kale nje ya Colosseum, picha moja halafu anadai euro. Vijana wa kufunga kamba mkononi kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Coeur, Paris, mikono mfukoni, pita. Na yeyote anayekuuzia tiketi barabarani akisema ndani zimeisha.

Hela ya hizo nunua chakula supamaketi mkale bustanini, weka sarafu za vyoo maana sehemu nyingi choo ni cha kulipia na mtoto hasubiri uchenji, na Roma beba chupa tupu, bomba za mitaani zinatoa maji ya kunywa bure siku nzima. Pasipoti za watoto muwe nazo, angalau kopi, kwa sababu mtoto wa miaka 10 mrefu kama wetu wengi walivyo mlangoni wanamuona wa 13 na watataka kuona tarehe ya kuzaliwa.